Kiangazi cha Baiskeli Mbili

Mwezi wa saba mwaka huu nilirudi Karagwe baada ya miaka mingi, nikaenda kwa fundi mmoja pale Kayanga kuazima baiskeli. Alikuwa fundi wa pikipiki. Baiskeli alikuwa nayo moja tu, ameitundika ukutani, mnyororo umekauka kama kamba ya zamani. Akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia Bweranyange, halafu Omurushaka, Nkwenda, mpaka Nyakatuntu.

"Mama, si uchukue bodaboda? Kwa hii utalala njiani."

"Najua. Nataka kulala njiani."

Akanitazama, akaushusha ukutani ule mzigo wa chuma, akautia mafuta.

Wewe uliyekulia huku utakumbuka njia zetu zilivyokuwa. Vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na baiskeli zimejipanga kama siafu, kila moja na mikungu yake ya ndizi, mitatu, minne, mwenyewe akiisukuma kilimani huku amekunja suruali hadi magotini. Kengele zililia kutwa nzima. Safari hii nilikwenda nusu siku bila kuisikia kengele hata moja. Pikipiki zilinipita zikaniachia moshi. Karibu na Omurushaka ndipo nilipomkuta mwendesha baiskeli mwenzangu, mzee aliyeipindua baiskeli yake magurudumu juu akiziba pancha. Tulisalimiana kwa furaha kama watu wa kijiji kimoja waliokutana ugenini, kisha kila mtu akaenda zake.

Nililelewa Kituntu na bibi yangu, mama yake baba. Baba alifariki nikiwa na miaka mitatu, na mama akaondoka muda si mrefu baadaye. Alikwenda wapi, kwa nini, hakuna aliyeniambia. Nikiuliza, bibi alikuwa akijibu, "Aliyeondoka ameondoka," kisha ananituma kwenye kibanja kuangalia kama kuna mkungu uliokomaa. Nilikuwa nikirudi na jibu la ndizi, na swali langu limebaki huko huko migombani.

Bibi hakuwa mkali. Hakunipiga kamwe, na kipande cha nyama kilichonona alikiweka upande wangu wa jani la mgomba tulilolia. Ila nyumba yake ilikuwa kimya. Asubuhi tulimenya ndizi, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Mchana wa kiangazi nilikaa kando ya mkeka wa kahawa nikifukuza kuku, na ile harufu ya buni zinazokauka, tamu iliyochanganyika na uchachu, ilinikaa kwenye nguo mpaka shuleni. Jioni tulikula maharage na ndizi bila kusema zaidi ya maneno kumi. Nilizoea kuzungumza na wale kuku. Walikuwa wasikilizaji wazuri, ilimradi nina punje mkononi.

Kisha akaja shangazi, dada mdogo wa baba. Ndoa yake ya Bukoba ilikuwa imevunjika kwa sababu ya kukosa mtoto, akarudi kwa mama yake na sanduku moja na baiskeli ya kiume, nyeusi, yenye keria pana. Alivaa suruali chini ya kitenge. Kanisa la Kilutheri lilimpa kazi ya kufundisha wanawake kushona, kwa hiyo leo alikuwa Kanoni, kesho kwingine, na popote alikwenda kwa baiskeli. Jirani yetu alikuwa akisimama uani kumtazama anavyopita. "Mwanamke akishapanda baiskeli," alimwambia bibi, "hakuna tena mlima wa kumzuia." Alisema kwa kumsikitikia. Mimi niliyasikia maneno yale kama sifa.

Baiskeli ya marehemu baba ilikuwa stoo, nyuma ya magunia. Shangazi aliitoa, akaifuta utando wa buibui, akaipeleka kwa fundi ikatiwa tairi nyingine. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikikaa kwenye kiti, miguu haikufika kwenye pedeli, basi nikajifunza kuiendesha kwa kupenyeza mguu chini ya ule mtalimbo wa katikati, mwili wote umepinda upande mmoja. Nilianguka mara nyingi. Shangazi hakuwahi kukimbia kuniinua. Alisimama mbele, mguu mmoja chini, akingoja.

Jumamosi tulianza kutembea. Watu wengine walikwenda sokoni au msibani. Sisi tulikwenda kuangalia mahali. Shangazi alikuwa na njaa ya mambo ya kale tangu alipokatishwa shule ili aolewe. "Nchi inasomwa kwa miguu," alipenda kusema, na kwake magurudumu nayo yalikuwa miguu. Mara ya kwanza aliponipeleka Bweranyange nilitarajia ngome. Nilikuta nyasi, miti mikubwa, na ng'ombe wakila. Nikataka kulia kwa kuchoka. Yeye akaegemeza baiskeli, akatembea polepole kama mtu aliyeingia kanisani ibada imeshaanza. Akanionyesha upande zilipokuwa nyumba za wakama, wafalme wa Karagwe, na upande ambao ngoma zilipigwa. Akanieleza juu ya ng'ombe waliofuliwa kwa chuma na wahunzi wa mfalme, wadogo kiasi cha kukaa kiganjani, na pembe zao ndefu zimepinda sawasawa na za ng'ombe wa kweli. Siku nyingine tulikwenda Kafuro, walikopiga kambi Waarabu wa biashara ya pembe za ndovu. Tulikuta shamba la maharage. Shangazi aliomba ruhusa kwa mwenye shamba, akasimama katikati ya matuta yale kwa muda mrefu. Mwenye shamba akaniuliza kwa sauti ya chini, "Amepoteza nini?"

Njiani shangazi alinitangulia hatua thelathini, na mimi nilikuwa nikiutazama mgongo wake. Huenda ukadhani tulizungumza sana. Hapana. Tulikuwa wapweke wawili, kila mmoja kwenye chuma chake, na hakuna aliyejua namna ya kumwambia mwenzake. Lakini mlimani tulishuka tukasukuma bega kwa bega, na hapo nilikuwa nikiisikia pumzi yake, na ilinitosha.

Kiangazi hicho kilipokaribia mwisho, kahawa ikiwa imeshavunwa, nilitokwa na upele mikononi. Shangazi akamwambia bibi kwamba maji ya moto ya Mtagata, kule Kyerwa, yanaponya ngozi. Bibi alifikiri siku tatu. Siku ya nne alfajiri akatufungia ndizi za kuchoma na karanga. "Muogeshe vizuri," alimwambia shangazi, "na unirudishie kama nilivyokupa."

Tulilala Nkwenda kwa rafiki yake wa kanisani. Kesho yake, miguu ikiuma, tukafika Mtagata. Maji yalikuwa yakitoka ardhini yakifuka mvuke, na ndani yake walikaa wanawake waliotoka mbali, huyu goti, yule mgongo, wote wamefumba macho. Mwanzoni maji yaliniunguza, kisha yakanilegeza. Shangazi alinisugua kwa makini, akanifumua nywele, akanisuka upya. Kisha akatoa kwenye keria gauni la bluu ambalo sikuwahi kuliona. Alikuwa amelishona kwa siri.

"Gauni jipya kwenye vumbi lote hili?" nikamuuliza.

Akakaa juu ya jiwe. "Leo tutapita nyumbani kwa mtu, Nyakatuntu. Ukifika umwamkie kama unavyomwamkia mtu mzima yeyote. Usimwite mama."

"Kwa nini nimwite mama?"

"Kwa sababu ndiye. Mumewe hajui kwamba alishawahi kuzaa. Akijua, atamfukuza."

Sikumbuki njia iliyobaki. Nakumbuka ua uliofagiliwa vizuri, mwanamume mpole ameketi kibarazani akichambua maharage, na vitoto viwili, wa kike na wa kiume, wanakimbizana. Mwanamke akatoka jikoni. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomfikiria miaka yote. Shangazi akasema, "Huyu ni mwanafunzi wangu wa ushonaji." Nikapiga magoti. "Shikamoo."

"Marahaba," akasema, akaifuta mikono yake kwenye kitenge mara mbili.

Alitupa buni za kutafuna, kama mgeni yeyote anavyopewa kwetu, akapika ndizi na samaki. Mumewe alinisifu kwa kuendesha baiskeli kubwa. Kitoto kile cha kiume, labda cha miaka mitatu, kilikuja kikampanda mama mapajani, kikalala pale bila kuomba ruhusa. Nilikitazama mpaka chakula changu kikapoa.

Mama alitusindikiza hadi mwisho wa kibanja, ambako migomba ilituficha. Hapo akanishika uso kwa mikono miwili iliyonuka vitunguu, akauliza, "Bado unalala mguu mmoja nje ya blanketi?"

Hilo lilikuwa swali lake pekee. Ningeweza kumjibu ndiyo, kwa sababu ni kweli. Nikasema, "Sijui." Nikaishika baiskeli nikaanza kuisukuma. Niligeuka mara moja. Alikuwa bado amenyoosha mikono kidogo, kama mtu aliyepokonywa bakuli.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira, na ilikuwa hasira kwa shangazi. Kabla ya siku ile nilikuwa na mama ambaye hayupo popote. Sasa nilikuwa na mama aliyekuwa mahali fulani, amepakata mwingine. Tulipofika Kituntu, bibi aliishika mikono yangu akaukagua upele. "Mmepita wapi kwingine?" akauliza, swali la kawaida tu. Shangazi alikuwa mlangoni anafungua mzigo. Nikamtazama yeye usoni, nikamwambia bibi, "Amenipeleka kwa mama."

Nilijua ninachokifanya. Watu wazima husema mtoto hajui. Nilijua.

Bibi hakupiga kelele. Aliiachia mikono yangu, akaenda kukaa karibu na moto. "Nilikukabidhi mtoto mmoja," akamwambia binti yake, "ndiye aliyenibakia wa mwanangu. Ukaenda kumwonyesha njia ya kuondokea." Shangazi hakujitetea. Kabla juma halijaisha alifunga sanduku lake kwenye keria akarudi upande wa ziwa, akaishi Muleba. Aliniaga kwa kunigusa kichwani. Nilikaa kwenye mkeka wa kahawa, sikuinuka. Baiskeli ya baba ikarudi nyuma ya magunia, na bibi na mimi tukarudi kwenye maneno yetu kumi ya jioni, ambayo sasa yalikuwa hayafiki hata matano.

Nilimwona shangazi mara moja tena, kwenye msiba wa bibi, mimi nikiwa chuo. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi. Aliniwahi. "Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi nilikuwa mtu mzima." Akaniongezea chai. Mwaka uliofuata tukamzika yeye.

Nyakatuntu sikuwahi kurudi. Nilijiambia ninamlindia mama ndoa yake. Huenda ni kweli. Huenda pia niliogopa kupokewa kama mgeni mara ya pili. Julai hii, miaka thelathini baadaye, nikaingia kwenye ua ule nikiisukuma baiskeli ya fundi. Nyumba sasa ni ya matofali. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu alikuwa akifunga mikungu ya ndizi kwenye pikipiki. Nilimuulizia mama kwa jina.

"Tulimzika miaka minne iliyopita. Baba alimtangulia." Akanipeleka nyuma ya nyumba, penye makaburi mawili kati ya migomba, yamesakafiwa vizuri. Tukasimama. Kisha akauliza kwa adabu, "Samahani mama, wewe ulikuwa nani kwake?"

Hakukuwa tena na mtu wa kufukuzwa. Nikasema, "Mimi ni mtoto wake wa kwanza."

Akautazama mwili wangu wote mpaka kwenye viatu vyenye vumbi. "Mama hakuwahi kutuambia," akasema.

"Najua. Hakuweza."

Kisha akainamisha kichwa kidogo, akaniita kwa sauti iliyokuwa bado inajaribu neno: "Basi, shikamoo, dada."

Nilikaa kwao usiku mmoja. Walinipa kitanda kizuri, na mkewe akaniuliza habari nyingi za mjini. Hakuna mle ndani aliyeweza kunieleza mama alikuwa akicheka vipi nilipokuwa mdogo, wala alinibeba mgongoni kwenye mlima upi, wala aliniimbia nini. Baada ya baba, waliomjua yule mama wa Kituntu walikuwa watatu, na wote wako chini ya udongo: bibi aliyenizuia, shangazi aliyenipeleka, na mama mwenyewe. Asubuhi ndugu yangu alitaka kunipakia kwenye pikipiki, nikakataa. Mlima wa kwanza ulikuwa mkali. Nikashuka, nikasukuma, na upande wangu wa kushoto hapakuwa na pumzi ya mtu.