Majani mu Njia ya Kalembe

Juzi, nikipanda kilima ya Kalembe, nilikuta majani mabichi yametupwa pale njia inagawanyika. Nikacheka peke yangu.

Nilikuwa mutoto. Tulitoka Mweso kuenda Kalembe, Mama mbele na kitunga ya maharagi, mie nyuma na muwa yangu. Pori ilinuka udongo ya mvua, na maji ilikuwa inalia chini mu bonde. Kuinua macho, Mama haiko. Njia iko mbili, na moja imetandikwa majani. Ku kanisa tulikuwa tunatandikia padiri majani vile, siku akikuja. Mie nikawaza: kumbe wamesikia nakuja. Nikapita palepale, kifua mbele, nikitafuna.

Njia ikaishia mu matope. Wenye walinipokea walikuwa vyura. Nikalia mupaka sauti ikakauka, njo nikasikia Mama anakuja mbio.

"We mutoto, haukuona majani?"

"Niliona, Mama. Nikapita juu."

"Majani inasema njia imefungwa. Mie njo niliyatupa, kusudi usipotee."

Alitaka kunichapa, kicheko ikamushinda. Akanishika mukono kwa nguvu, ikauma vizuri, na hakuniachia mupaka tukasikia kuku za Kalembe.