Toroli Alivyofeli Kwenye Mwinuko

"Nguzo waliisogeza! Nawaambia waliisogeza, wiki iliyopita haikuwa pale!"

"Nguzo ya chuma iliyomwagiwa saruji, Shemeji? Waliisogeza kwa koleo gani?"

Shemeji yangu alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kufulia cha hospitali, mkononi ameshika karatasi ya mtihani wa udereva iliyogongwa muhuri mwekundu. Sisi wanawake watano wa pasi tulimsikiliza, mashuka yakikaribia kuungua. Alikuwa amefeli mara ya pili, na mara zote mbili pale pale: unasimamisha gari katikati ya mwinuko, kisha unaondoka kupanda bila kurudi nyuma. La kwake lilirudi. Mara ya kwanza hatua mbili, mara ya pili likaibusu nguzo.

"Na yule mama mtahini ananichukia," akaendelea. "Kanitazama tu, akaandika."

"Ulitaka akuimbie?"

Mimi ninaruhusiwa kumsema, amemwoa dada yangu. Kazini tunamwita Toroli. Kwa miaka kumi na tisa amesukuma toroli la mashuka, lile sanduku la bati la magurudumu manne, kulishusha kwetu kutoka wodini na kulipandisha tena kwa njia ya mteremko. Likijaa ni mzigo wa watu wawili, na siku zote alikuwa mmoja. Magoti yamekwisha. Akifika nyumbani hukaa kitandani na viatu miguuni mpaka dada aje amvue, maana kuinama hawezi.

Daktari alimwambia atafute kazi ya kukaa. Kwetu kazi ya kukaa ni moja tu, gari la kupeleka mashuka kwenye zahanati. Dereva wake, mzee wa maneno machache, alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Msimamizi akasema wazi: Toroli akileta leseni kabla ya siku hiyo, usukani ni wake. Asipoleta, anachukuliwa mtu wa nje, na yeye abaki na toroli lake.

Aliyemfundisha ni huyo huyo dereva, saa ya chakula, uani nyuma ya matangi ya maji. Hawakulipana fedha. Walikubaliana kwamba kwa kila somo Toroli atapakia gari zima peke yake, mafurushi arobaini, na dereva apumzike. Kwa magoti yale! Kufikia siku ya kufeli mara ya pili alikuwa bado anadaiwa kupakia mara tatu.

Dereva alizisikia zile kelele za nguzo, wala hakubishana. Alisema tu, "Leta toroli lako. Lipandishe nikuone."

Tukatoka wote kutazama. Toroli akalisukuma likiwa limejaa, mpaka katikati ya mteremko.

"Simama hapo," dereva akasema. Akasimama. "Haya, ondoka."

Miaka yote hiyo nilikuwa namwona, lakini sikuwahi kuangalia. Kwanza alilegeza mikono, akaliacha lirudi nusu hatua mpaka likamlalia kifuani. Ndipo akalisukuma. Wasukumaji wote hufanya hivyo. Usipoupokea mzigo kwa kifua, mgongo unakatika.

"Umeona?" dereva akauliza.

"Nimeona nini, mzee? Nimeondoka vizuri."

"Umeliachia kwanza. Na garini unafanya hivyo hivyo. Unashusha breki ya mkono, unangoja uzito ukujie kifuani. Sasa gari litakulalia wapi, na wewe umo ndani? Linakwenda zake kwenye nguzo."

Wenzangu wakacheka. Toroli hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa njia, akasugua goti.

"Nimechoka, Shemeji," akaniambia, na utani haukuwemo. "Afadhali ningekuwa sijui kitu, nikafundishwa. Mimi nina cha kusahau, na ndicho pekee nilichokuwa najisifia."

"Basi kisahau," nikamwambia. "Uanze na ile nguzo."

Kesho yake alikwenda kuandikisha mtihani wa tatu. Dirishani akamkuta yule mama mtahini mwenyewe. Akamwambia, "Mama, ulichoandika ile siku ni kweli, lilirudi." Mama akamtazama kama mtu anayengoja matusi yaliyobaki, kisha akampa tarehe: siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi.

Zikabaki siku tisa, na somo la kila siku alililipa siku hiyo hiyo. Hakuendesha kwenda popote. Dereva alimweka kwenye mwinuko wa geti la nyuma, breki ya mkono imekazwa. Achia klachi polepole, pua ya gari iinuke, injini ibadili sauti, kanyaga tena. Mara hamsini kwa siku. Breki ya mkono alikatazwa hata kuigusa. Nilipita nikamkuta mkono ameukalia, kama mtoto aliyekanywa kunyonya kidole, na jasho linamtiririka kuliko siku za toroli.

Siku ya mtihani, alivyonisimulia, alikaa pale mwinukoni muda mrefu mpaka mama mtahini akauliza, "Baba, umelala?"

"Hapana, mama. Nalisikiliza."

Pua ikainuka. Ndipo akashusha breki, na gari likapanda.

Hakurudi na kelele. Aliiweka karatasi kwenye meza yangu ya pasi kama anayeleta bili ya maji.

"Umefaulu?"

"Ndivyo walivyoandika."

Tukapiga vigelegele, yeye akajilaza juu ya mafurushi machafu, akapitiwa na usingizi. Dada hakuwepo, viatu nikamvua mimi.

Siku ya mwisho ya dereva, mafurushi arobaini yalikuwa yamepangwa mlangoni. Toroli akainama kuanza la kwanza, goti likalia. Dereva akashika upande wa pili.

"Acha, mzee. Kaa. Bado nadaiwa zile mara tatu."

"Leo naondoka. Hizo nyingine utazipakia lini, nikiwa nimelala kwangu?"

"Basi angalau hii."

"Hii nikungoje wewe na magoti yako, nitastaafu kesho kutwa. Nimekusamehe zote. Shika huko."

Toroli akashika. Wakainua pamoja, wakiguna wote wawili.