Mama Kifurushi na filamu iliyojifunga kabla ya mwisho

Bibi mmoja mwenye miwani minene ameshika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebebeshwa mtoto mchanga asiye wake. Ameambiwa amekwisha kukodi filamu. Furaha anayo, lakini wasiwasi umezidi.

"Sasa mwanangu," anauliza, "nikimaliza kuitazama, nairudisha wapi?"

"Hairudishwi, bibi. Inaondoka yenyewe."

"Inaondoka saa ngapi? Wakija kuichukua na mimi nimelala?"

Watu wote dukani wanaangua kicheko. Mwanamke aliye nyuma ya meza hacheki. Anavuta kiti, anamkalisha bibi, kisha anaanza maelezo upya, polepole, kana kwamba hajapata kuulizwa swali hilo maishani mwake.

Huyu ndiye Mama Kifurushi. Jina la kuzaliwa analo, ila amekataa lisiandikwe, kwa madai kwamba hakuna mteja atakayejua ni nani.

Duka lake ni chumba kimoja chembamba, nyaya zinaning'inia kila kona, na runinga tatu ukutani, moja ikiwa mbovu waziwazi. Kazi yake ni kuwaunganisha watu na majukwaa ya filamu ya mtandaoni: anawafungulia akaunti, anawatafutia wanachotaka, na anawafundisha tofauti ya kukodi, kununua na kujiunga.

"Kukodi ni kama viti vya sherehe," anaeleza. "Unakalia, sherehe ikiisha vinaondoka. Ukinunua, kiti ni chako, kaa mpaka uchoke. Kujiunga ni kupanga nyumba. Kila mwezi unalipa, unalala chumba unachotaka, ila ukiacha kulipa unajikuta nje. Na hapo ndipo watu wananinunia mimi, utadhani mwenye nyumba ni mimi!"

Zamani katika chumba hikihiki alikodisha kanda za video, baadaye dividii. Wateja walipohamia mtandaoni, alikaa miezi kadhaa akifukuza nzi, kisha akaamua kuwafuata hukohuko. Siku nzuri sasa anahudumia watu kumi na watano, wengi wao wazee waliotumiwa simu kubwa na watoto wao na kuachwa nazo bila maelezo.

Kuna onyo ambalo hamwachi mteja aondoke bila kulisikia. Filamu ya kukodi inaweza kukusubiri mwezi mzima. Lakini ukishabonyeza ianze, una siku mbili tu. Zikiisha inajifunga, hata kama umebakiza dakika tano. "Usibonyeze kabla hujakaa!" huwapigia kelele hadi mlangoni.

Ajabu ni kwamba kwa miaka miwili, nyumbani kwake mwenyewe, runinga ilikuwa imefunikwa kitambaa.

Mumewe, ambaye mtaa mzima bado unamwita Dereva, aliendesha malori ya masafa marefu. Presha ya macho ilimwibia nuru kidogo kidogo, hadi asubuhi moja alipomuuliza mkewe kwa nini hajafungua madirisha. Madirisha yalikuwa wazi.

Kabla ya hapo, kila Jumapili aliyokuwa nyumbani, walitazama filamu baada ya chakula cha mchana. "Hatukuwa na anasa nyingine," anasema Mama Kifurushi. "Baada ya macho kuondoka, nikiwasha tu anainuka. Anapapasa ukuta mpaka chumbani, anafunga mlango. Ikatokea mara tatu, mara nne, nikaona basi, nikaifunika. Mchana kutwa nawaunganishia watu filamu, nikirudi nyumbani tunakaa kimya kama tuko kwa daktari."

Dereva, mtu mwenye mabega mapana na sauti ya chini, hakatai. "Nilijiona mzigo. Watu wanacheka, halafu wanakumbuka kwamba mimi sijaona, wanakata kicheko. Nikaona afadhali nisiwepo."

Mapema mwaka huu binti yao alikuja likizo. Akakivua kile kitambaa bila kuuliza mtu, akakodi filamu ya kumchangamsha wakati anapiga pasi. Dereva alikuwa barazani. Ghafla akaita kutoka huko: "Huyo anayelia ni nani?"

Binti alifungua mdomo ajibu. Mama yake akamkonyeza anyamaze, akaenda mwenyewe kusimama mlangoni.

"Ni mama mmoja. Mwanawe amepotea."

"Amepotea vipi?"

"Njoo ukae nikwambie."

Akaingia. Mama Kifurushi anasema siku hiyo alisahau hadi sufuria jikoni, na chakula kikaungua, na hakuna aliyelalamika.

Shida ni kwamba hakuwa msimuliaji. Binti yao bado anawaigiza kwa kicheko. "Mama anasema, 'Sasa ameingia yule.' Baba anauliza, 'Yule nani?' 'Yule wa kwanza.' 'Wa kwanza si ulisema amekufa?' 'Huyo ni wa kwanza mwingine!' Basi ugomvi."

Ugomvi ulianza kwa mzaha, lakini Jumapili ya tatu Dereva alichoka kweli. Alisema labda waache tu. Mkewe akaogopa. Alijua mlango wa chumbani ukifungwa tena, safari hii hautafunguka.

Ndipo alipoamua kujifunza kwa siri. Ijumaa mchana, wateja walipopungua, alikodi filamu ya Jumapili akaitazama yote peke yake dukani. Ilihusu ndugu wawili waliokosana kwa miaka mingi, mmoja akisafiri kwenda kumwomba mwenzake msamaha. Alikariri nani ni nani, nani amevaa nini, wapi anyamaze.

Jumapili mambo yalikwenda vizuri ajabu. Dereva alikuwa ameegemea mbele, viganja magotini. Ndugu yule alifika kwa nduguye, akagonga mlango. Ukafunguliwa. Hapo skrini ikawa nyeusi, na maandishi yakatokea: muda wa kukodi umekwisha.

Yeye, anayewapigia watu kelele hadi mlangoni, alikuwa amebonyeza siku ya Ijumaa.

"Nilitaka ardhi inimeze," anasema. "Kuikodi tena lazima niinuke nikachukue simu, nimweleze. Na nikimweleza atajua nimekuwa nikijifunza kama mwanafunzi wa mtihani, atasema si unaona, mimi ni mzigo. Nikaendelea kusimulia. Filamu imezimika, mimi nasimulia."

"Mbona hawasemi?" Dereva aliuliza.

"Wanatazamana."

"Muda wote huu?"

"Walikosana miaka mingi, bwana. Waache watazamane."

Akasimulia hadi mwisho kwa kumbukumbu: walivyokumbatiana, walivyokaa kizingitini, na jua lilivyokuwa likizama. Alipomaliza, Dereva akageuza uso kuelekea runinga isiyotoa sauti.

"Umeshaitazama hii," Dereva akasema.

Mama Kifurushi alisubiri ainuke. Hakuinuka.

"Akaniuliza, 'Ulilia ulipoitazama?' Nikamwambia nililia, hadi mteja aliyeingia akanikuta. Akasema, 'Basi ulilia bila mimi. Siku nyingine usitangulie. Twende wote tukiwa hatujui. Mimi nikiwa gizani, na wewe uwe gizani kidogo.'" Anainua vidole viwili. "Nikalia tena. Filamu moja, nimelia mara mbili."

Tangu hapo hajajifunza filamu yoyote kabla. Anababaika kama zamani, na wanagombana kama zamani, na hakuna anayesema waache.

Jumapili ambayo mwandishi wa makala haya alialikwa, binti yao alikuja na habari. Amegundua kwamba baadhi ya filamu za mtandaoni zina sauti ya msimuliaji, iliyowekwa mahsusi kwa wasioona. Akaiwasha. Sauti tulivu ya mwanamume ikaanza kueleza kila kitu: mwendo wa gari, rangi ya gauni, uso uliokunjamana.

Dereva alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa. "Anajua kazi," akasema. "Hababaiki hata kidogo."

Mama Kifurushi alikuwa ameketi pembeni yake. Alisema ni kweli, anajua kazi. Kisha akaanza kukunjakunja upindo wa kanga yake mapajani, na binti yake akawa anamtazama mama, hatazami filamu tena.

Dakika chache zikapita.

"Mzime," Dereva akasema.

"Baba, si umesema anajua?"

"Anajua. Lakini huyo anamsimulia kila mtu." Akageuka upande aliokaa mkewe. "Nilipokuwa safarini nilikuwa naacha lori, napanda kilima kutafuta mtandao, nipate kumsikia mama yako dakika mbili tatu. Na hizo zote zinaishia kwenye ada ya shule na bomba lililoziba. Miaka yote ile. Leo napata sauti yake saa mbili mfululizo, nimekaa kwenye kiti changu. Hata filamu ikiwa mbaya, mimi sijali."

"Kumbe unanipotezea pesa zangu," mkewe akasema, akajifuta macho kwa upindo uleule.

Sasa wana mpango. Mama Kifurushi, ambaye miaka yote amekodi filamu moja moja kwa ajili ya nyumba yake, anataka kujiunga kwa mwaka mzima. Wazo si lake. Dereva ndiye aliyemwomba amtafutie tamthilia, na hakutaja ya mapenzi wala ya kivita. Alisema ndefu. Imepatikana moja yenye misimu tisa, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua inavyokwisha.

"Mtu huyu alikuwa anajifungia chumbani," anasema akimshika mumewe mkono bila kujali mgeni. "Leo anataka misimu tisa. Mimi sina la kumwomba Mungu zaidi ya hilo."

Kisha anamgeukia. "Lakini fikiria vizuri, Dereva. Utavumilia kunisikiliza mwaka mzima?"

"Waulize," anajibu Dereva, "kama wanauza kifurushi cha miaka mingi."