Mahindi Niliyoyanyima Maji Makusudi

Mstari mmoja wa mahindi yangu ulikufa kwa kiu. Ni ule uliokuwa unamwagiliwa.

Soma tena. Sijakosea.

Mimi nimesomea mazao. Mama mkwe aliponipa kiwanja nyuma ya nyumba nilime, shemeji yangu, fundi wa kuchomelea, alikuwa ameshakipigia hesabu ya karakana.

"Shemeji, mahindi yakifa, najenga."

"Na yasipokufa?"

"Nitayala mabichi na magunzi yake!"

Basi nikafanya kitu kilichonipa jina la Muuaji. Mahindi yakiwa bado machanga, nikayakatia maji.

Majani yakajikunja. Shemeji akacheka mpaka akashika mbavu. Mama mkwe akanifuata jikoni, mikono kiunoni.

"Hivi una roho gani wewe? Unataka kuniaibisha kwa majirani?"

"Mama, yanajifunza."

"Yanajifunza nini, kufa?"

Nikamweleza. Mizizi ikionja ukame, mmea hutengeneza homoni inayoyaambia majani yafunge vitundu vyake, maji yasipotee. Pia hujikusanyia asidi amino, hasa moja inayoitwa prolini, inayosaidia chembe hai zake kushikilia maji yaliyobaki. Mmea ulioonja kiu kidogo utotoni huwahi kujihami kiu kubwa ikija, na mizizi yake huzama chini kutafuta maji.

"Elimu nyingi," akasema, akaondoka. Mume wangu akaendelea kunywa chai kama hayupo.

Niliumia, siwafichi. Lakini bomba sikufungua ng'o.

Kisha hata mvua kidogo iliyokuwa ikinyesha ikakoma, jua likawaka kwelikweli. Bomba la mtaa likakauka. Mahindi yangu yakawa yanajikunja mchana, jioni yanafunguka.

Isipokuwa mstari wa karibu na jiko, ule mnene, wa kijani kuliko yote. Ulilala chini, haukuamka.

Shemeji akaja na futi ya kupimia.

"Naona kazi imeanza yenyewe."

"Thubutu!" Nikasimama mbele yake na jembe. "Ukivuka hapa tutajuana."

Nikachimba shina moja lililokufa. Mizizi mifupi, imejazana juu juu. Udongo ulinuka sabuni.

"Ni wewe! Umenimwagia nini hapa?"

"Haki ya Mungu, sijagusa!"

"Mwache," sauti ikatoka jikoni. "Ni mimi."

Mama mkwe alikuwa mlangoni, macho chini.

"Maji ya kusuuzia vyombo. Kila ukienda kazini, namwaga. Mdomoni nilikugombeza, lakini nilitaka ushinde, mwanangu. Huyu akileta mashine zake hapa, mimi nitalala wapi na makelele yale?"

Shemeji alikunja futi yake. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka.

Mstari ule haukuwahi kuonja kiu. Maji yalipokatika, haukujua pa kuanzia.

Mingine ilisimama. Hatukujaza ghala, lakini tulivuna, wakati majirani waling'oa mabua makavu. Kiwanja ni changu mpaka leo.

"Mama," nilimwambia siku ya kuvuna, "ukinihurumia tena, niletee chakula mimi. Mahindi niachie."

Kwa hiyo nyie mnaomcheka mtu akijikunja wakati wa shida, ngojeni jioni kwanza. Na nyie mnaompenda, kabla hamjammwagia msaada wenu kwa siri, muulizeni anapigana vipi.

Mimi msimu huu nimepanda tena. Na maji nimeshakata.