Maneno Kumi kwa Siku ya Bwana Guo

Bwana Guo alikuwa Mchina, fundi wa visima. Nilimpikia pale Karatu miaka miwili, kuanzia mwaka 1980. Mashine yake ya kuchimbia ilikuwa mbali, kule Olbalbal, imeharibika, inangoja kifaa kutoka kwao, na mkalimani wake alishaondoka. Basi alishinda barazani na kamusi, akijifunza Kiingereza kigumu, kile cha wasomi. Kwao kulikuwa na mtihani. Akifaulu angepelekwa kusoma ng'ambo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja na hakutegemea nafasi nyingine.

Kila siku alishika maneno kumi, hayakuzidi. Aliyaandika kwenye karatasi za pakiti za sigara na kuyabandika ukutani jikoni kwangu, mpaka yakaingia moshi. Mwalimu wake wa utotoni alimwambia la kumi na moja huyafukuza yale kumi.

Mimi shule sikwenda. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, nazo ni za Kiswahili tu. Mume wangu alipofariki, mdogo wake Hhando alinitoa kwenye shamba la Buger nililolilima miaka kumi na minane, nami nikamshtaki. Hukumu ilikuja kwa Kiingereza, kurasa tatu. Nani angenisomea? Mwalimu wa Buger ni mkwe wa Hhando. Karani wa kata alikuwa akinywa pombe kwa Hhando. Nikampa Bwana Guo.

Alifurahi kama mtu aliyeletewa nyama.

"Maneno magumu sana," alisema. "Mazuri."

"Niambie tu, shamba ni la nani?"

"Bado, Mama Basilisa. Leo kumi. Kesho kumi. Sijui vizuri, sisemi."

Nikadhani ndivyo Kiingereza kinavyosomwa. Jirani yangu Sikudhani, muuza vitumbua, alituchungulia akacheka.

"Mchina na Mmbulu wanasomeshana Kiingereza. Mwalimu ni nani hapo?"

"Cheka tu, shoga."

Ukuta ukajaa. Nilisonga ugali chini ya maneno yale bila kujua lipi ndilo linaloninyima ardhi. Kisha kifaa kikafika, naye akaenda Olbalbal siku tisa, akauacha ukurasa wa mwisho ndani ya kamusi. Aliporudi hakuoga; akakaa akaumaliza.

Akaja jikoni na kalenda mkononi, vumbi bado limo kwenye nyusi.

"Hhando ameshinda," alisema. "Lakini hapa mwisho, mahakama inasema, wewe hutaki, rudi, omba tena. Siku thelathini."

Akaweka kidole kwenye Alhamisi. Alhamisi hiyo ilikuwa imepita siku nne.

"Kwa nini hukuanza na mwisho?"

Aliugeukia ukuta wa maneno.

"Mtu haanzi mwisho," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilipanda lori kwenda mahakamani hata hivyo. Karani wa mahakama alihesabu siku kwa vidole, akanirudishia karatasi zangu. Nilipopita Buger, ng'ombe wa Hhando walikuwa wameshalima nusu ya shamba, mpaka kwenye kaburi la mume wangu.

Bwana Guo alifaulu mtihani wake. Baadaye aliniletea barua kutoka huko ng'ambo, ndefu, yote ya Kiingereza. Nimeiweka pamoja na hukumu ndani ya kopo la majani ya chai. Sijampa mtu anisomee.