Mawe Yangu Kumi na Manne Kutoka Magadi

Mpaka leo siwezi kupita kando ya jiwe zuri bila kutaka kulilamba. Watoto wangu wananionea haya barabarani, nami nawaambia hiyo ni kazi, si ugonjwa. Jiwe kavu ni bahili, halikupi kitu. Ukililoanisha kwa ulimi rangi zinachomoza, mistari inaonekana, na ukiweka lenzi jichoni unaanza kulisoma. Maji ya chupa yangefaa pia, lakini kule tunakofanyia kazi maji ni ya kunywa. Aliyenifundisha kulamba ni mwalimu wangu wa chuo kikuu, na kulamba huko nusura kunikoseshe masomo yangu, ila kwa njia ambayo hata yeye hakuiota.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa mwaka wa mwisho, nikisoma habari za miamba. Tuliishi Kitengela, mama na mimi, vyumba viwili kwenye ploti nyuma ya soko. Mama alikuwa ametoka Ukambani akiwa amenibeba mgongoni. Sokoni aliuza nyanya, sukuma, ndengu, na kwenye pembe moja ya meza, odowa, yale mawe laini ambayo wajawazito huyatafuna kwa hamu. Wateja wake wa odowa aliwajua kabla waume zao hawajajua. Mwanamke akipita mara mbili akiitazama ile pembe, mama alishamfungia chake kwenye gazeti.

Mwalimu wangu alikuwa akitafiti uhai wa mwanzo kabisa. Kwa sehemu kubwa ya umri wa dunia, alituambia, hapakuwa na samaki, hapakuwa na jani, hapakuwa na hata kunguni. Kulikuwa na utelezi tu. Kisha humo ndani ya utelezi seli moja ikajipatia kiini, baadaye sana seli zikaanza kuishi pamoja na kugawana kazi, na hapo ndipo ilipoanza safari ya kumfikia ng'ombe na mama mboga. Shida ni kwamba viumbe wale hawakuwa na mfupa wala gamba. Utelezi unaachaje alama? Jibu moja, alisema, liko Magadi. Kando ya ziwa lile la magadi kuna tope jeupe laini ambalo polepole hugeuka gumegume, jiwe gumu la kutoa cheche, na vijidudu vinavyoishi topeni vinanaswa humo na umbo lao. Tukijua Magadi inavyouhifadhi utelezi wa juzi, tutajua kuusoma ule wa zama za zama.

Niliposikia hayo nilipagawa. Kwa wiki nzima nilitembea Kitengela nikimtazama kila niliyekutana naye, mchungaji wetu, mwenye bucha, mbuzi wa jirani, nikiwaza: hata wewe ulikuwa utelezi! Nilicheka peke yangu kanisani mpaka mama akanifinya.

Likizo hiyo mwalimu alinipa kazi. Tulikata Isinya, tukatokea Kiserian, tukateremka mpaka ziwani, tukachimba shimo, nami nikachagua mawe kumi na manne. Yalikuwa na ganda jeupe la chumvi na tope kavu, kwa nje huwezi kujua kilichomo. Kila moja lilitiwa kwenye mfuko wake wa kitambaa wenye namba. Nilitakiwa kwenda nayo nyumbani, niyachore pande zote, niyaeleze, kisha tuyakate maabara. Likipatikana hata moja lenye mistari ya utelezi ndani ya gumegume, nafasi moja tu iliyokuwapo ya shahada ya pili ingekuwa yangu. Lisipopatikana, ingemwendea mvulana mmoja wa darasa letu ambaye, nasema bila haya, sikumpenda.

Basi kila asubuhi niliketi mlangoni na gunia langu, nikalamba, nikatazama, nikaandika. Yana chumvi chumvi, hayachukizi. Maji ya kule yalikuwa yamenivuruga tumbo, na asubuhi mbili tatu nilikimbilia nyuma ya choo kutapika. Nikimaliza nilirudi kwenye mawe yangu.

Mama akaanza kunidekeza. Nikiinua jerikeni ya maji ananipokonya. Jioni kuna ini, asubuhi kuna maziwa. Nikasema moyoni, ama kweli elimu ina heshima yake! Nilikula lile ini bila kuuliza swali hata moja. Mtu aliyefundishwa kuchunguza vidoa visivyoonekana kwa macho hakumwona mama yake akimtazama tumbo.

Siku ya maabara nilipanda matatu asubuhi kwenda chuoni Nairobi na gunia langu. Sikufungua mfuko hata mmoja, maana kazi yangu ilikuwa imekamilika tangu juma lililotangulia, na mafundo yalionekana yale yale niliyofundishwa na mama. Mwalimu akaliweka jiwe la kwanza kwenye msumeno, ule wa kukatia mawe unaomwagiwa maji. Likawa uji. Akaweka la pili. Uji. La tatu likaporomoka kabla msumeno haujaligusa. Akachovya kidole kwenye ule uji, akaonja.

"Hii ni odowa," akasema. "Bibi yangu alikula hii kitu miezi tisa, siwezi kuisahau."

Tulifungua mifuko yote kumi na minne. Odowa safi, iliyopanguswa vumbi, kila kipande karibu sawa na ukubwa wa jiwe langu lililokuwamo. Mvua ilikuwa imeshapiga bondeni na shimo letu lilikuwa chini ya maji. Mwalimu hakunigombeza. Nilipomwambia kwamba mama yangu huuza odowa sokoni, alichukua funguo za gari la chuo akasema twende tukamwulize.

Nilimkuta mama mezani pake. Mwalimu alibaki garini. Nilimwuliza mama kama ameyagusa mawe yangu, akatazama huku na huku, akanivuta nyuma ya magunia ya ndengu.

"Nilibadilisha," akasema kwa sauti ya chini. "Hiyo ya Magadi iko na chumvi mbaya, itaumiza mtoto. Nikakuwekea ile poa. Hata sikuuzia mtu, nilichagua yako kwanza."

"Mtoto gani, mama?"

"Usinifanye mjinga. Mficha uchi hazai. Unatapika, unalamba mawe asubuhi mpaka jioni, na mimi niko na macho."

"Mama, mimi sina mimba!"

Hilo nililisema kwa sauti kubwa mno. Soko zima liligeuka, na mama wa viazi akajikohoza kwa raha. Nilianza kucheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo lilimthibitishia mama kila alichokuwa anakiamini. Nikamsihi aniambie yale mawe yako wapi. Akasema amempa mzee Mmaasai aliyekuwa akituletea maziwa, awape ng'ombe walambe. Na mzee? Ameshahamisha ng'ombe kwa sababu ya nyasi, wako kwa ndugu yake, mbele kidogo ya mji wa Kajiado.

Kisha mama akaliona gari.

"Na huyo kwa gari?"

"Ni mwalimu wangu."

"Aha," akasema mama. Akavua aproni, akamwachia mama wa viazi meza, akaenda kuketi kiti cha mbele.

Sijawahi kusafiri safari kama ile. Kuanzia Kitengela hadi Isinya mama alimtazama tu mwalimu sikio la kushoto. Baada ya Isinya akaanza.

"Mwalimu, uko na bibi?"

"Niko naye, mama, na watoto watatu."

"Watatu. Na unaonaje, ni wa kutosha?"

Mwalimu, masikini, akasema Mungu akipenda hata mmoja zaidi si mbaya. Nilijikunja kiti cha nyuma na ncha ya leso mdomoni. Mama akashusha pumzi, akatazama dirishani mpaka Kajiado.

Tulimkuta mzee kwenye boma la nduguye. "Sopa," akatusalimia Kimaasai, nikajibu "Ipa," nikainamisha kichwa akanigusa utosini. Mama akamweleza shida. Mzee alifurahi sana kusikia habari za mawe yale.

"Hiyo ni mawe mzuri sana," akasema. "Ng'ombe wanapigana juu yake. Iko ingine?"

Yalikuwa ndani ya nusu tairi, na ng'ombe wawili walikuwa wameyainamia, ndimi zikifanya kazi kuliko nilivyowahi kufanya mimi. Mzee akawasukuma. Matano yalikuwa yamekwisha kabisa, yakawa maziwa. Tisa yalibaki. Lile ganda jeupe lote lilikuwa limelambwa, na kilichobaki kilikuwa gumegume tupu, laini, jeusi, linang'aa kwa mate.

Mwalimu akapiga magoti kwenye samadi na suruali yake ya chuo. Akaokota moja, akalipangusa kwenye shati, akaliinua juani. Halafu akatoa ulimi akalilamba, upande huu, upande ule, polepole, macho yamefumba nusu.

"Mwalimu!" Mama alishika kifua. Akamtazama yule mtu mzima mwenye mvi kidevuni, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Kwani na wewe uko na miezi ngapi?"

Mzee alicheka mpaka ikabidi aegemee fimbo yake. Mwalimu hakusikia. Alinipa lile jiwe na lenzi, nami nikalilamba, baada ya ng'ombe na baada ya yeye, sikujali. Mistari ilikuwapo. Myeusi, myembamba, inapanda na kushuka, mmoja juu ya mwingine, utelezi juu ya utelezi. Nilipiga kelele ndama wakatawanyika. Nilimkumbatia mzee, nikamkumbatia ng'ombe, nikamrukia mama. Michoro yangu daftarini ilitusaidia kujua lilikuwa namba saba. Kwa juma zima mimi na mwalimu tulikuwa tumesubiri msumeno utufunulie kitu ambacho ng'ombe wa Kajiado alikitoa kwa ulimi, na mwalimu alimwachia mzee ahadi ya gunia zima la magadi.

Wakati wa kurudi mama aliketi nyuma nami. Nilidhani amekasirika, maana mtu mzima hapendi kukosea mbele ya wageni. Mwalimu alituacha nyumbani akasema nilete mawe kesho asubuhi, nafasi ananiwekea.

Mama akaingia chumbani, akavuta boksi kutoka chini ya kitanda chake, akaliweka mbele yangu. Ndani kulikuwa na sweta ya mtoto mchanga, ya manjano, iliyofumwa kwa mkono, mkono mmoja bado haujaisha. Alikuwa akiifuma sokoni chini ya meza, wiki zile zote ambazo mimi nilikuwa nikila ini.

"Nilikuwa nishapanga," akasema. "Unazaa, mimi nabaki na mtoto, wewe unarudi shule. Singekuuliza ni wa nani. Mimi niliacha Form Two juu yako, na hakuna mtu aliniambia nirudi. Nilisema huyu wangu ataambiwa."

Niliishika ile sweta na nilimpenda mama yangu mpaka kifua kikauma. Aliona nimeanza kulia, akakereka.

"Sasa unalia nini na huna mimba? Lete hilo jiwe."

Nikampa namba saba. Aliligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akalitemea mate kidogo, akasugua kwa kidole, akaitazama mistari. Kisha akalivika ile sweta, akaukunja mkono uliokuwa haujaisha, akafunga fundo.

"Beba vizuri," akasema. "Lisivunjike kwa njia."

Kesho yake nililipakata kwenye matatu mpaka Nairobi, na mama mmoja kando yangu akaniuliza ni msichana au mvulana.