Mnusaji wa Mafuta Meusi

Nyuma ya karakana ya kupasulia mbao palikuwa na kiwanda kidogo, na ndani yake mtu mmoja aliyeitwa Pua. Si kwamba pua yake ilikuwa kubwa. Ilikuwa ya kawaida tu, tena ndogo kuliko ya mkewe. Jina lilitokana na kazi. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya koki ileile, akinusa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unga wa mbao uliotupwa na wapasuaji ulitiwa kwenye tanuru lisiloingiza hewa. Humo haukuwaka, ila ulitoa moshi mzito, na moshi ulipopozwa kwenye mabomba yakadondoka mafuta meusi kama lami. Ndani ya mafuta hayo mlikuwa na vitu vizuri, vya kutengenezea gundi na dawa, lakini vilikuwa vimekumbatiana na takataka na havikubali kuachana.

Aliyejua kuviachanisha ni Mkemia, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo. Alichukua chumvi nyeupe, ile inayowekwa kwenye chakula cha kuku, akaikutanisha na mbolea nyeupe ya punjepunje. Kila moja peke yake ni kavu. Ziweke pamoja, zipashe moto kidogo, zinayeyushana zinakuwa rojo kama asali nyepesi, na hata ikipoa haigandi. Rojo hiyo ikikorogwa na mafuta meusi, vile vitu vizuri huyahama mafuta vikaingia kwenye rojo. Kisha mchanganyiko unaachwa utulie kwenye mtungi wa chuma: rojo chini, mafuta juu. Unafungua koki ya chini, rojo inatoka kwenda kwenye pipa lake, na mafuta yakianza kufika unafunga.

Tabu ni kwamba rojo ikishatumika mara tatu nne, nayo inakuwa nyeusi tii. Jicho haliwezi tena. Lakini rojo hunuka dawa ya kusafishia vidonda, na mafuta hunuka kuni zilizoungua. Wafanyakazi wengine wote walisikia moshi mtupu. Pua peke yake ndiye aliyesikia harufu moja inapoishia na nyingine inapoanzia.

Aliipenda kazi hiyo kwa sababu haikutaka maneno. Alikuwa mtu wa haya, wa kuzunguka jengo zima asije akapita mbele ya watu wamekaa. Pale kwenye koki aliinama, akavuta pumzi, akafunga. Hakuna aliyemuuliza neno.

Siku moja jioni mkewe aliingia jikoni mbio akakuta maziwa yamemwagika yanaungulia kwenye jiko, na Pua amekaa hatua mbili tu kutoka hapo, anashona kifungo.

"Baba wee! Husikii?"

"Nilikuwa nimezama kwenye kifungo," alisema.

Lakini hakusikia harufu yoyote. Aliinamia lile jiko mpaka mvuke ukamchoma kope, hakusikia kitu. Kesho yake kazini alinusa rojo, akanusa mafuta, akanusa hata chupa ya mafuta ya taa. Patupu. Pua ilikuwa imekufa, na ndiyo aliyoajiriwa kwa ajili yake.

Hakumwambia mtu. Akatafuta njia. Alivua glavu ya mkono wa kulia, akawa anakinga matone kwa vidole na kuyasugua. Rojo ilinata, mafuta yaliteleza. Aliendelea kuinama na kuvuta pumzi kama zamani, ili watu waone, huku vidole vikifanya kazi chini. Kwa miezi miwili ilikwenda. Ila vile vitu vizuri vilivyomo kwenye rojo havina urafiki na ngozi. Vidole vilianza kuwa vyeupe, vikabambuka, kisha vikafa ganzi. Akahamia mkono wa kushoto. Nao ukafuata.

Alhamisi moja alisugua tone, akaona bado linanata. Akasugua jingine. Alipofunga koki na kuugonga mtungi, ulilia utupu. Mafuta yote yalikuwa yamepita, yakaingia kwenye pipa la rojo safi, kazi ya majuma matatu. Akalifunika pipa, akaenda kunawa.

Jumatatu Mkemia aliwaita wote. Mkononi alikuwa na kikombe cha kitu cheusi.

"Pipa zima limeharibika," alisema. "Nataka kujua kwa nini. Ama chumvi ilikunywa maji kabla ya kuchanganywa, ama mafuta yalipita kwenye koki."

Chumvi ile ina ulevi wa maji. Ukiiacha wazi tangu asubuhi, adhuhuri unakuta tope. Na mtunza chumvi alikuwa shemeji yake Pua, mdogo wa mkewe, kijana mwenye mdomo, aliyeingia kiwandani kwa kuombewa na Pua mwenyewe.

"Mimi pipa langu nilifunga, madamu," alisema shemeji. "Nililikalia kabisa, kama kuku na mayai yake."

"Kuku gani wewe?" fundi wa tanuru akadakia. "Wiki yako ya kwanza si uliliacha wazi kutwa nzima?"

"Wiki ya kwanza mtu hata choo hajajua kiko wapi!"

Watu wakacheka. Mkemia hakucheka. Alimgeukia Pua.

"Mzee Pua, wewe ndiye utakayetuambia. Chumvi iliyokunywa maji hunuka samaki. Kama ni mafuta, utasikia kuni. Nusa."

Pua alikishika kikombe kwa vidole visivyojua kama kina moto au baridi. Akavuta pumzi. Ilikuwa sawa na kunusa ukuta. Jibu alikuwa nalo tangu Alhamisi, halikuhitaji pua. Ila alifikiria macho yote yale yakimtazama, na fundi wa tanuru akitafuta mzaha wa kumtupia, na mlango wa nje atakaoonyeshwa. Ulimi ukatangulia.

"Samaki."

Shemeji alimkazia macho. "Una hakika, shemeji?"

"Samaki," Pua akarudia, akakitazama kikombe.

Hakuna aliyebisha. Neno la Pua halikuwahi kubishiwa. Kabla ya chakula cha mchana shemeji alikuwa amekabidhi buti na koti, na mke wa kijana huyo nyumbani alikuwa na mimba ya miezi minane.

Jioni Pua alimkuta mke wake amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Mdogo wangu amepita kuaga. Anakwenda kwenye machimbo ya kokoto."

"Nimesikitika sana," Pua alisema, akainama kuvua viatu.

"Kitambaa cha sufuria kimeungua jikoni. Nyumba nzima inanuka, jirani amekuja kuuliza kuna nini. Wewe umeingia unavua viatu."

Pua akabaki na kiatu mkononi.

"Nilijua tangu siku ya maziwa," mkewe alisema. "Nikakunyamazia, maana najua ulivyo. Nikasema atasema mwenyewe siku yake ikifika. Sasa leo umenusa nini mume wangu? Umenusa nini hata ukamfukuzisha mwenzio?"

Mkewe hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Asubuhi alifika kiwandani kabla ya wote, akamsubiri Mkemia mlangoni. Aliyasema yote kwa sentensi nne, akitazama sakafu. Mkemia alimshika mikono, akaigeuza, akaiona. Kisha akafungua kabati, akatoa boksi jembamba lenye vumbi. Ndani mlikuwa na kipimo cha kioo kama kipimajoto kinene.

"Hiki kinaelea kwenye rojo, kwenye mafuta kinazama," alisema. "Kina miaka sita humu. Kila nikitaka kukitumia, mwenye kiwanda ananiambia cha nini, Pua si yupo? Na mimi nikakubali." Akakifuta vumbi kwa koti lake. "Miaka yote hiyo ulikuwa unavuta ule mvuke bure."

Pua alipelekwa nje kuosha mapipa, kazi isiyotaka pua wala vidole. Fundi wa tanuru akasimama kwenye koki na kile kioo, akipiga mluzi. Mkemia alitoa ruhusa shemeji arudishwe, na Pua alitaka kumpigia mwenyewe.

"Wameshajua ni mimi," alisema kwenye simu. "Rudi, shemeji. Nafasi yako ipo."

Nyuma ya sauti ya shemeji nyundo zilikuwa zinagonga mawe.

"Nimeshapata kazi, shemeji," alijibu. "Huku mtu hanuswi." Kisha akakata.

Pua aliirudisha simu mfukoni kwa shida, maana vidole havikuuona mfuko, akalivuta pipa jingine.